Mvuvi hana hati ya bahari: mradi ukija, ana haki gani?

Swali: "Asalaam aleikum wakili. Mimi ni binti wa kisiwa cha Pate. Baba ni mvuvi wa madema (mitego ya samaki) na mshipi tangu ujana wake, na mama hununua samaki dikoni, pale vyombo vinapoegesha, akakaanga na kuuza. Tumesikia kuna mradi utakaojengwa ufuoni karibu na kijiji chetu, na mwezi ujao tumeitwa barazani. Kijana mmoja wa mradi alitwambia kwamba haki za uchumi na utamaduni ni ahadi tu za serikali, hazidaiwi kortini, huja polepole nchi ikipata pesa. Akasema pia kuwa hatuna hati, kwa hivyo hatuna la kudai, na tusiwe watu wa kuzuia maendeleo. Ni kweli haya? Na huko barazani tutie sahihi au tusitie?"

Waaleikum salaam, mwanangu. Kijana huyo amekusomea nusu ya sheria, na nusu aliyoiruka ndiyo inayowahusu nyinyi.

Nianze na hili la "ahadi tu". Kenya ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni mwezi Mei 1972, hata kabla mkataba wenyewe haujaanza kutumika duniani mwaka 1976. Ni mkataba unaozungumzia kazi, chakula, afya, elimu na utamaduni. Kwa karibu miaka arubaini ulikaa kabatini, na lau ungeniuliza swali hili mwaka 1995 ningekwambia kwa masikitiko kuwa kijana ana hoja. Katiba ya 2010 ilibadilisha mambo. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya, makazi, chakula, maji safi, hifadhi ya jamii na elimu. Kifungu cha 44 kinalinda lugha na utamaduni, cha 42 mazingira safi na salama. Kifungu cha 22 kinasema mtu yeyote anayeona haki iliyomo katika sura hiyo ya haki za binadamu imevunjwa au iko hatarini kuvunjwa anaweza kwenda mahakamani, kwa niaba yake au ya wenziwe. Hakuna mahali Katiba iliposema haki ya kutopigwa na polisi inadaiwa ila haki ya chakula haidaiwi.

Alikotolea neno "polepole" ni Kifungu cha 21, kinachoitaka serikali itimize haki za Kifungu cha 43 hatua kwa hatua. Hapo hakusema uongo. Mkitaka hospitali ya Faza iwe na daktari wa upasuaji usiku na mchana, serikali ina nafasi ya kusema bado tunajipanga. Hata hapo haiachwi iseme tu ikaondoka, kwa sababu Kifungu cha 20(5) kinaeleza kuwa serikali ikidai haina fedha, ni jukumu lake kuthibitisha kwamba hazipo. Lakini angalia vizuri jambo la baba yako. Yeye haombi apewe kazi, kazi anayo. Haombi chakula, kwani hukitoa baharini. Anachotaka ni asinyang'anywe, na kutomnyang'anya mvuvi bahari yake hakuhitaji bajeti, mkopo wala mwaka ujao wa fedha. Hatua kwa hatua ni habari ya kutoa. Kibali cha kuchukua kilichopo polepole hakimo humo. Kama kuna sentensi moja ya kusimama nayo barazani, ni hiyo, na isemwe kwa lugha yenu ya nyumbani, si kwa lugha ya mawakili.

Kuhusu "msizuie maendeleo", maneno maendeleo endelevu yameenea tangu ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1987, iliyosema kizazi cha leo kikidhi haja zake bila kukiharibia kijacho. Mwaka 2015 nchi zikakubaliana malengo 17, na lengo la 14 linataja wazi kwamba wavuvi wadogo wapatiwe bahari na masoko. Ni maneno mazuri ya kuwakumbusha viongozi, na yatumieni. Ila lengo halina korti. Katiba inayo, na Kifungu cha 10 kimeyaweka maendeleo endelevu na ushirikishwaji wa wananchi katika orodha moja ya maadili yanayomfunga kila afisa anapofanya uamuzi. Kwa hiyo anayewaambia kuwa haki zenu zinazuia maendeleo, mwambieni kwamba mradi usiowauliza wenyeji bado haujafikia kiwango cha kuitwa hivyo kisheria. Mimi si mpinzani wa bandari wala umeme. Nimeona vijana wa Hindi na Mokowe waliopata ajira, nikafurahi. Ugomvi wangu ni na utaratibu ambapo faida huhesabiwa Nairobi na hasara huhesabiwa Kizingitini.

Na Lamu si mahali pa kuambiwa haya kama nadharia, maana kesi mbili kubwa za aina hii nchini zimetoka kwenu.

Ya kwanza ni ya bandari. Machi 2012 marais wa Kenya na Sudan Kusini pamoja na waziri mkuu wa Ethiopia walizindua mradi wa LAPSSET, wa bandari ya Lamu na njia za kuiunganisha na nchi hizo, kule Magogoni. Mwaka huo huo wakaazi wa Lamu wakafungua maombi ya kikatiba, nambari 22 ya 2012. Hawakusema bandari isijengwe hata kidogo. Walisema hawakupewa habari, hawakushirikishwa, mchanga unaochimbwa chini ya bahari unaua mahali wanapovua, na maisha yao ya kuvua kwa mshipi, madema na nyavu katika maji ya ndani ni utamaduni wala si ajira peke yake. Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao za habari, mazingira na utamaduni zilikiukwa, na kwamba mradi mkubwa kiasi hicho ulipaswa kufanyiwa tathmini ya kimkakati, yaani ya athari za mradi mzima kwa mazingira, kabla ya kuchukua sehemu moja moja. Ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya karibu shilingi bilioni 1.76.

Kwangu mimi, hilo la utamaduni ndilo lenye uzito kuliko mabilioni. Kabla ya hapo, utamaduni mbele ya serikali ulikuwa ngoma ya kumpokea mgeni rasmi na maonyesho ya vikofia. Mahakama ilipokubali kwamba namna watu wanavyovua, njia wanazopita na maarifa wanayorithishana ni utamaduni unaolindwa, ilimwingiza baba yako na madema yake ndani ya Kifungu cha 44. Fundi wa mashua wa Matondoni anayehitaji miti ya mikoko anaweza kutumia hoja hiyo hiyo. Na mkata boriti anayehesabu korija zake (mafungu ya ishirini ishirini) pia, mradi akate kwa leseni na kwa kadiri.

Sasa upande wa uchungu. Serikali ilikata rufaa, mazungumzo yakaanza, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021 huku wavuvi wengi bado wakisubiri pesa. Hukumu iliyokuja miaka sita baada ya kesi kufunguliwa, na malipo yaliyochelewa zaidi ya hapo, hayamrudishii mtu msimu hata mmoja. Nalisema hili ili usije ukadhani kortini ndiko kwa kuanzia. Nguvu yenu kubwa iko kabla leseni haijatolewa.

Kesi ya pili inaonyesha hivyo hasa. Kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, kilikusudiwa kujengwa Kwasasi. NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira, ilitoa leseni Septemba 2016, na kufikia Novemba shirika la Save Lamu na wakaazi kadhaa walikuwa wamekata rufaa katika Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira (National Environment Tribunal). Juni 2019 leseni ikafutwa. Sababu kuu ilikuwa ushirikishwaji. Waliokuja na mradi walileta picha na orodha za mikutano mingi, lakini mahakama ikaona kuwa ile ilikuwa mikutano ya kujitambulisha, iliyofanywa kabla ripoti ya athari haijakamilika. Watu waliambiwa kuna kiwanda kinakuja. Hawakuambiwa majivu yatatupwa wapi na moshi utaelekea upande gani. Ripoti ilipotoka, yenye mamia ya kurasa za lugha ya kitaalamu, haikurudishwa kwao kwa njia ya kueleweka ili waseme neno juu yake. Mkutano ulikuwapo, ushirikishwaji haukuwapo.

Kwa hiyo swali lako la sahihi si dogo hata kidogo.

Nendeni barazani. Kususia ni kosa, kwa sababu itaandikwa kuwa mliitwa mkakataa. Karatasi ikipitishwa, kabla ya kalamu kugusa, someni kichwa chake. Nimewahi kushika karatasi ambayo ukurasa wa mbele ulikuwa na kichwa "Waliohudhuria", na kurasa zilizofuata hazikuwa na kichwa chochote, ni mistari na nambari za simu tu. Karatasi kama hiyo inaweza kubandikwa chini ya maneno yoyote. Ukurasa usio na kichwa usiutie sahihi, au andika mwenyewe juu yake kwa mkono tarehe, mahali, na neno "mahudhurio". Pembeni ya jina lako andika: nimehudhuria, sijakubali wala sijakataa, nasubiri ripoti. Haina ufasaha, lakini wakili wa mradi hatapenda kuiona. Ile nauli ya shilingi mia tano ambayo watu wa miradi hugawa barazani nayo, ukiipokea haimaanishi kisheria kuwa umekubali mradi; ila kijijini maneno yataenda mbio, na wazee wengi huona bora mkutano ufanyike karibu watu waje kwa miguu.

Mchagueni mtu wenu wa kuandika kumbukumbu, asiye yule wa mradi. Kila swali liandikwe pamoja na jibu lake, na lisilojibiwa liandikwe kuwa halikujibiwa. Ulizeni wazi: huu ni mkutano wa kabla ya ripoti au wa baada? Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi unaohitaji tathmini kamili afanye mikutano isiyopungua mitatu na watakaoathirika, abandike matangazo, na atangaze redioni kwa lugha rasmi na ya wenyeji. Kisha ripoti ikishapelekwa NEMA, umma hupewa muda wa kutoa maoni kwa maandishi. Maoni yenu ya maandishi wakati huo yana thamani kuliko hotuba kumi barazani.

Usingoje kupewa habari, ziombe. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika, afisa husika anawajibika kumsaidia liandikwe ombi lake. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, na ukipuuzwa unapeleka malalamiko kwa tume inayojulikana kama ofisi ya Ombudsman. Huhitaji kueleza kwa nini unataka habari hizo.

Nirudi kwenye hati, maana hapo ndipo watu wengi huvunjika moyo. Ni kweli baba yako hana hati ya bahari, wala hakuna aliye nayo. Bahari na ufuo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma, na cha umma kinashikiliwa kwa niaba yenu pia. Haki yake haitokani na umiliki, inatokana na matumizi: riziki, chakula, utamaduni, mazingira. Na Kifungu cha 70 kinaposema mtu aende kortini kutetea mazingira, kinaongeza kuwa halazimiki kuonyesha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Kwa upande wa ardhi kavu, kama mna shamba au nyumba isiyo na hati, Kifungu cha 40(4) kinaruhusu mkaazi wa nia njema alipwe fidia hata asipokuwa na hati. Mahakama ya Juu nayo, katika kesi ya Mitu-Bell iliyoamuliwa Januari 2021 kuhusu watu waliobomolewa makazi karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, ilisema watu wasio na ardhi walioishi katika ardhi ya umma na kufanya makazi hawaimiliki, lakini wana haki ya makazi inayostahili kulindwa.

Kinachokosekana kwenu basi ni ushahidi wa matumizi. Hapa ndipo kesi nyingi za pwani hulegea. Mvuvi anajua kila mwamba na kila mkondo, lakini hana karatasi hata moja inayosema alivua nini, wapi, mwaka gani. Anapokuja mtaalamu wa mradi na takwimu zake za siku chache, takwimu hizo ndizo zinazokuwa ukweli wa ripoti.

Nunueni daftari gumu, lile la kurasa 200. Kila siku aliyotoka baharini, andika: tarehe, chombo, zana, jina la mahali kama wanavyopaita wazee, kilo alizopata, aliyemuuzia na bei. Mwisho wa mwezi katibu wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, atie sahihi. Vijana wenye simu waende na wazee mara moja wachukue alama za ramani za kila mahali penye jina. Hamhitaji mtaalamu wa kuwafanyia hayo.

Muhimu zaidi ni msimu. Kaskazi ikivuma, mashua nyingi hutoka nje ya mwamba, na mtu akija kuhesabu wakati huo ataona maji ya ndani yako matupu, aandike kwamba hayatumiki sana. Arudi wakati wa kusi, bahari ya nje imechafuka, ndipo atawaona wenye madau na mitumbwi wote wamejibana ndani ya ghuba na mikondo ya mikoko, kwa sababu hapo ndipo pekee panapovulika. Maji ya ndani ndiyo akiba ya miezi migumu. Ripoti isiyo na siku za kusi haijaona maisha yenu, na hilo ni pingamizi halali kabisa la kuandika kwa NEMA: kwamba utafiti haukuhusisha msimu ambao athari ni kubwa zaidi. Waulizeni barazani watafiti walikuja mwezi gani.

Sasa mama. Orodha za fidia kwa kawaida huanzia kwa mwenye chombo, zikashuka kwa mwenye leseni, na zikifika kwa baharia zimechoka. Mama karanga, yaani mkaanga samaki kama mama yako, hayumo. Wala hayumo anayeokota pweza maji yakipwa, anayesuka mikeka na makumbi, au kijana anayebeba samaki kwa punda. Bado wote wanakula kutoka bahari ile ile. Mkataba niliouanza nao hauruhusu ubaguzi wa jinsia katika haki hizi, na sharti hilo halina hatua kwa hatua, linatakiwa leo. Mama naye awe na daftari lake: alinunua kilo ngapi, mafuta na kuni shilingi ngapi, aliuza kwa ngapi. Wakikutana mama karanga kumi wenye daftari, watakuwa kundi linaloathirika ambalo mtaalamu wa mradi hawezi kulipita. Nakuomba ulisimamie wewe, kwa sababu umekwenda shule na wao wanakuamini.

Ikifika hatua ya mazungumzo, msikimbilie fedha taslimu. Najua pesa mkononi ina ladha, na mwenye deni la duka hawezi kuambiwa asubiri. Lakini fidia ya mara moja kwa riziki ya vizazi huisha kabla ya kusi mbili. Dai la kwanza liwe lile lisilo na bei: njia ya vyombo kupita ibaki wazi usiku na mchana, diko lisizibwe, na yaandikwe hivyo ndani ya masharti ya leseni badala ya mdomoni mwa mkubwa. La pili ni mgawo wa faida, ambao Kifungu cha 69 kinautaja kwa uwazi kinapozungumzia maliasili. Boti za bahari kuu zinazotolewa kama fidia nazo zichunguzwe kabla ya kupokelewa. Boti bila mafunzo, bila barafu na bila pesa ya mafuta itaegeshwa ufukweni ioze, na katika hesabu za mradi itabaki imeandikwa kuwa wavuvi waliwezeshwa.

Ikiwa yote haya yatashindikana na leseni ikatolewa, mna siku 60 za kukata rufaa katika Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira. Mkizipitisha, njia iliyobaki ni maombi ya kikatiba, ambayo ni marefu zaidi ingawa Kifungu cha 22 kinasema kuyafungua hakutozwi ada, na korti inaweza kupokea hata barua isiyo na muundo rasmi. Hesabuni siku hizo 60 tangu leseni ilipotolewa, msihesabu tangu mliposikia habari zake dikoni. Ili msipitwe, iandikieni NEMA sasa hivi kwa jina la kijiji na la BMU, mkitaka kujulishwa kila hatua ya maombi ya mradi huo na kupewa ripoti yake. Barua hiyo ipelekwe kabla ya siku ya baraza, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ibaki kwenu.